Nilipomsubiri Mzee Asili

Asubuhi ile nilitoka bila mpango. Niliamka kwenye chumba changu cha kupanga pale Makanyagio, nikakunja neti, nikatia vitenge viwili na sufuria ndogo kwenye begi, nikafunga mlango. Sikuwa nimegombana na mtu, wala sikuwa nimeitwa kazini mahali. Ni ile hali yangu tu, inayonipata kila nikikaa sehemu mpaka nikaanza kuwajua mbwa wa mtaa kwa majina: miguu inawasha, nataka kuona barabara inaishia wapi. Jirani yangu anayekaanga vitumbua barazani aliponiona na begi hakushangaa.

"Da Stazia, leo wapi tena?"

"Sijui bado."

"Haya. Ukifika utusalimie watu wa Sijui Bado."

Kwenye maegesho ya malori nilikuta Fuso inakwenda Karema, kando ya ziwa, kubeba dagaa. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu iliyochakaa, akaniuliza nakwenda Karema kwa nani. Nikamwambia sina mtu huko.

"Basi panda," akasema. "Wewe gari likiharibika hutapiga kelele, hakuna anayekusubiri."

Na kweli likaharibika, au niseme lilichemsha. Tulisimama kwenye daraja dogo, juu ya kijito ambacho dereva alisema maji yake yanakwenda kumwagikia Mto Katuma. Utingo akashuka na dumu kuchota maji ya rejeta. Alikaa huko muda mrefu, kisha akapanda na dumu tupu, tope limemshika mpaka magotini.

"Vipi?" dereva akamuuliza.

"Bosi, maji hakuna. Kuna uji."

Alipoingia kukaa pembeni yangu, harufu ile ikaingia naye. Nyie mliokulia kwenye vijiji vya mpunga mnaijua. Ni harufu ya tope ambalo maji yameliaga: majani yaliyooza, konokono waliokufa, kinyesi cha mnyama mkubwa, na juu ya yote hayo kitu kama chuma kilicholowa. Dereva akafungua dirisha. Mimi sikufungua langu. Nilikaa nimeshika begi, na nikawa tena na miaka ile ambayo mtoto anajua kuhesabu lakini hajajua ni nini kinachohesabika.

Tulikuwa tunakaa kijiji cha Mwamkulu. Baba alilima mpunga. Alikuwa Mpimbwe, Mkatoliki wa rozari kila jioni, mfupi, mwenye sauti ya chini hata akikasirika. Jirani yetu alikuwa Mzee Luhende, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, mtu mrefu aliyetembea na fimbo mabegani kama ametundikwa juu yake. Urafiki wao ulijengwa na ugomvi. Kila baada ya muda ng'ombe wa Luhende waliingia kwenye mpunga wetu, na jambo hilo kwetu lilikuwa na utaratibu wake. Ng'ombe hupigi. Unamfunga kwenye mti, unampelekea mwenyewe habari, unasubiri. Mwenyewe anakuja, anasimama kwenye tuta la mwisho la shamba, na kabla hajakanyaga ndani anapiga hodi, ingawa shamba halina mlango.

"Hodi shambani!"

"Karibu, Luhende. Wewe umepiga hodi, ng'ombe wako hakupiga."

"Ng'ombe hakusoma, Baba Stazia."

"Hata mwenyewe hakusoma."

"Ndiyo maana tunaelewana, mimi na yeye!"

Halafu wanazunguka pamoja kuangalia kilicholiwa. Luhende anatikisa kichwa, anaomba radhi kwa maneno mengi, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, mama analeta togwa, wanakunywa, ng'ombe anafunguliwa, anarudi kwao. Niliona jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba kwangu lilikuwa sheria ya dunia nzima. Kila mnyama ana mwenyewe. Na kila mwenyewe, akiitwa, anakuja, anapiga hodi, anaomba radhi, anachukua mnyama wake.

Sasa kulikuwa na neno moja nililokuwa nalisikia tangu nikiwa mdogo. Baba akitaka kukata nguzo kwenye pori la juu, mama alimwambia, "Angalia, hiyo ni maliasili." Mtu akikutwa na nyama ya porini, watu walinong'ona kuwa amechukuliwa na maliasili. Mkaa, mbao, asali ya kule ndani, swala, samaki wa mabwawa ya hifadhini, vyote maliasili. Mimi nilisikia maneno mawili na kiungo kilichomezwa katikati: mali ya Asili. Nikaelewa kuwa yuko mtu anaitwa Asili. Tajiri. Luhende alikuwa na ng'ombe wengi, lakini Asili alikuwa na kila kitu ambacho hakikuwa cha mtu. Bibi yangu, mama yake baba, aliwahi kuniambia kuwa lile pori kubwa lina mwenyewe na anaitwa Katabi, lakini baba hakupenda habari hizo zitajwe nyumbani, akasema ni mambo ya kale. Nikaona sawa, Katabi ni wa kale, sasa hivi pori ameachiwa Asili. Nilimchora kichwani: mzee mrefu kumzidi Luhende, koti refu, kofia pana, mkimya. Sikumwogopa. Mtu mwenye mali nyingi hivyo, niliwaza, lazima awe na adabu.

Mwaka huo jua lilikuwa kali mapema. Baba na wenzake walikuwa na mpunga wa kiangazi shambani, na ili uishi walikuwa wamezuia Mto Katuma kwa magogo, nyasi na viroba vya mchanga. Mahali hapo tulipaita banio. Maji yote yaliyofika kwenye banio yaliingia kwenye mfereji wetu, kisha wakulima wakagawana kwa zamu. Juu ya banio palikuwa na maji yanayong'aa, watoto tunaoga. Chini yake mto ulikuwa umebaki alama tu, kama mstari ulioachwa na kidole kwenye vumbi. Sikuwahi kujiuliza huko chini kuna nani. Mto kwangu uliishia pale tulipouzibia.

Mwisho wa mfereji, nyuma ya shamba letu, palikuwa na dimbwi ambapo maji yaliyobaki yalikusanyika. Mama alioshea vyombo hapo. Asubuhi moja alirudi anakimbia bila sufuria, mkono kifuani.

"Baba Stazia! Dimbwini kuna jiwe linapumua!"

Baba akaenda na panga, mimi nyuma yake. Kumbe alikuwa kiboko. Peke yake, si mkubwa sana, amejibana kwenye dimbwi ambalo halikumtosha, mgongo wote nje. Mpunga wa upande ule ulikuwa umelala chini, umekatwa usawa mmoja kama kwa mundu. Masikio yake madogo yalizunguka, akafumba macho, akafumbua.

Neno kiboko nilikuwa nalijua kwa namna nyingine. Shuleni mwalimu wetu wa zamu alikuwa na fimbo nyeusi, ngumu, na tuliiita kiboko. Nilikuwa nimeionja mkononi kabla ya kumwona mwenye jina. Nilipomwona, ngozi yake ilikuwa inatoka majimaji mekundu, yanatiririka mgongoni polepole. Nikasema moyoni: amechapwa. Amechapwa huko kwao akakimbia. Baadaye sana nilikuja kuambiwa kuwa yale si damu, ndivyo ngozi ya kiboko inavyojilinda na jua. Lakini siku ile niliona mtu aliyechapwa kiboko anaitwa Kiboko, na nilimhurumia kama mwenzangu wa darasa.

Mama alitaka aondoke siku hiyo hiyo. Alikuwa na haki. Kila mtu Mwamkulu alijua mtu aliyewahi kupasuliwa na kiboko. Baba naye alisimama anatazama mpunga uliolala, na mimi najua alikuwa anaona nini, maana ule mpunga ndio uliokuwa chakula chetu mpaka mvua nyingine, na ndio uliokuwa sare yangu ya shule na daftari. Kila usiku ambao kiboko angekaa pale, sehemu nyingine ingelala.

Luhende alipokuja kuangalia, alisimama kwenye tuta kama kawaida yake, akapiga hodi. Kisha akatazama dimbwi, akatazama mfereji, akacheka kidogo puani.

"Huyu kafuata maji yake, Baba Stazia."

"Maji yake yapi?"

"Haya hapa kwako."

"Na ng'ombe wako wanakunywa wapi, Luhende? Mawinguni?"

"Hapa hapa. Sijasema mimi si mwizi. Nimesema huyu kafuata maji yake."

Siku hiyo hawakuzunguka pamoja kuangalia kilicholiwa. Mama hakuleta togwa.

Baba akachukua baiskeli akaenda mjini. Aliporudi alisema, "Nimewaambia maliasili. Wanakuja kumchukua."

Hebu fikiria furaha yangu. Wanakuja kumchukua! Mzee Asili ameletewa habari kuwa mnyama wake yuko kwetu, na anakuja, kama mtu yeyote mwenye adabu. Nilifagia uwanja mpaka mama akaniuliza naumwa nini. Nilimwomba apike togwa.

"Togwa ya nini, kuna mgeni?"

"Si wanakuja maliasili?"

"Hao watu hawanywi togwa, wana gari."

Sikuelewa gari linazuia vipi kunywa togwa, lakini sikubishana. Nikawa naenda dimbwini, nasimama mbali pale baba alipochora mstari kwa jembe, namwambia Kiboko avumilie, mwenyewe anakuja. Alikuwa anapuliza maji puani. Dimbwi lilikuwa linapungua, maana baba alikuwa amepunguza maji ya upande ule ili asizoee. Tope likaanza kutoa harufu. Hiyo hiyo, harufu aliyoleta utingo kwenye miguu yake.

Walikuja asubuhi, kwa gari lenye matope, watu wawili. Lakini kabla yao walikuja majirani. Sikujua nani aliwaambia. Walikuja kina mama na mabeseni, wanaume na ndoo, watoto na vidumu, wengine sijawahi kuwaona upande wetu. Walikaa kwenye matuta, wanaongea chini chini, wanacheka. Nilitazama vile vyombo vyote, nikafikiri nimeelewa. Luhende alisema kafuata maji yake; kumbe huko kwao yameisha. Basi watu wamekuja kumsindikiza na maji yake. Watachota kutoka mferejini, watambebea, atakwenda mbele na sisi nyuma na ndoo kichwani, mpaka kwa Asili. Nilikimbia nyumbani nikaleta ndoo yangu, ile ndogo ya bluu isiyo na mshikio. Mama alikuwa pale na beseni.

Wale watu wawili walisalimia. Mmoja alikuwa amebeba bunduki, kijana tu, mashavu hayana hata ndevu, macho yamechoka. Nikamwendea yeye.

"Shikamoo. Wewe ndiye Asili?"

"Marahaba. Nani?"

"Asili. Mwenye mali."

Mwenzake akaangua kicheko, na watu waliokuwa karibu wakacheka. Kijana yule naye akatabasamu, akainama.

"Asili yuko ofisini, mdogo wangu. Kanituma mimi."

"Amesema anaomba radhi? Mpunga wetu umeliwa."

"Amesema anaomba radhi sana."

Nikaridhika. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa utaratibu, kasoro hodi tu.

Baba akamvuta kijana pembeni, lakini nilikuwa karibu. Alimwuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Si mtamfukuza tu, arudi?"

"Arudi wapi, mzee? Huko chini nilipita juzi. Wamelaliana kwenye tope kama viroba. Wadogo wanakanyagwa. Nikimpeleka huko atakufa kesho, na njiani atakuwa ameua mtu."

"Hakuna sehemu nyingine?"

Kijana alitazama mfereji wetu uliojaa, kisha akatazama watu wenye mabeseni. "Waambie warudi nyuma," akasema.

Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyojua mlio unaweza kuwa. Ndege wote wa shambani walipanda juu kwa pamoja. Ukaja wa pili. Nilipofumbua macho, baba alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kama kanisani, na watu walikuwa wanamsukuma huku na huku wakipita kukimbilia dimbwini na ndoo zao.

Nilikula nyama ile. Wote tulikula. Ilikuwa na mafuta mengi, na utamu ambao mpaka leo sijaonja kwenye nyama nyingine. Mama alitumia ndoo yangu kubebea sehemu yetu, na hata alipoisugua na majivu, mimi sikuoga nayo tena. Baba alikaa mezani nasi, akasali, akasukuma sahani. Nilikuwa na swali moja kooni: kwa nini mtu atume watu kuua mnyama wake mwenyewe? Luhende hata ng'ombe wake akivunjika mguu alikuwa analia kabla ya kuchukua kisu.

Zamu yetu ya maji ilipofika, nilimfuata baba kwenye banio. Nilidhani tunakwenda kufungua njia ya shambani kwetu. Badala yake aliingia mtoni mpaka kiunoni, akaanza kutoa viroba, kimoja kimoja, anavitupa ukingoni. Maji yakapata mwanya, yakaanza kushuka kwenye ule mto uliokufa, yanasukuma vumbi na majani makavu mbele yake kama mtu anayefagia.

"Baba, mpunga wetu je?"

"Hii zamu ni yangu. Nimempa mwenyewe."

"Asili?"

Akasimama. Maji yalikuwa yanampita pande zote. "Asili ndiye nani, mama?"

Aliniita mama pale tu alipotaka nisiogope. Basi nikamweleza. Nilimweleza koti refu na kofia pana, na kwamba vyote visivyo vya mtu ni vyake, na kwamba nilifagia uwanja nikamsubiri, na yeye akatuma mtu mwenye bunduki, na hata yule mtu hakupiga hodi. Nilitegemea atacheka kama wale wengine. Hakucheka. Alichukua muda mrefu kuosha mikono yake iliyokuwa ndani ya maji tayari.

"Hata sisi hatukupiga hodi hapa," akasema.

Maji yale hayakufika mbali. Chini kidogo kulikuwa na shamba la mtu mwingine, na huyo alipoona maji yanakuja bila kuyaomba aliyageuza yakaingia kwake. Wenzake baba wa banio walimgombeza, wakamwambia anapoteza mali, wakarudisha viroba. Zamu iliyofuata baba alitoa tena viroba, wakarudisha tena. Mama alimlilia, akamwambia kiboko ameshaliwa, yeye anamwagilia nani? Hakuwa na jibu ambalo mama angeweza kulipika. Mpunga wetu ukawa njano, kisha kijivu. Muhula uliofuata sikurudi shuleni, na uliofuata huo pia, mpaka ikawa ni kawaida kuwa sisomi. Sikumlaumu baba wakati huo na simlaumu sasa. Lakini siwezi pia kusema alishinda kitu. Alikufa bila shamba, akilinda maduka ya watu mjini, na katika kuzunguka kwangu nimeona mabanio mengi, kila moja na watu wazuri wanaogawana kwa zamu, na chini ya kila moja alama ya kidole kwenye vumbi.

Utingo alipata maji kwa bodaboda aliyepita na madumu ya kisima. Rejeta ikanyweshwa, tukaondoka. Dereva aliwasha redio, akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia ndiyo.

Tulifika Karema jua limeegemea milima ya ng'ambo. Sikuwa najua mtu, nikauliza gesti, nikaelekezwa kwa mama mmoja aliyekuwa anaanua dagaa mlangoni pake. Alikuwa na chumba. Nilipomuuliza kama kuna kinachotazama ziwa alicheka.

"Vya kutazama ziwa vilikuwepo. Ziwa limevichukua."

"Limeondoka navyo?"

"Limekuja kukaa. Wazee wa hapa wanasema hata zamani lilikuwa linafika mpaka huku. Sisi tulijenga lilipokwenda matembezi. Sasa mwenyewe karudi."

Alisema hivyo akipepeta dagaa, kama mtu anayesema habari ya mpangaji. Nikaweka begi kitandani, kitanda kizuri, shuka linanukia jua. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma nione.

Uwanja ulikuwa na ngazi za saruji zinazoshuka, na ngazi za mwisho zilikuwa ndani ya maji. Vyumba vya mbele vilibaki kuta nusu nusu, bado zina rangi ya bluu, na juu ya sakafu yao samaki wadogo walikuwa wanapita kwa makundi. Fremu moja ya mlango ilikuwa imesimama peke yake, haina mlango wala ukuta, ziwa linaingia na kutoka katikati yake bila haraka. Nilishuka mpaka maji yakanigusa vidole. Nilisimama mbele ya fremu ile, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunicheka, nikasema kwa sauti ndogo:

"Hodi."

Maji yaliingia, yakatoka. Aliyeitikia alikuwa yule mama, kutoka jikoni, juu ya mlio wa mafuta.

"Karibu!" akasema. Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "Lakini wewe si umeshaingia?"